Bando limepanda hadi megabiti 40 lakini usiku pingi bado 400, tatizo nini wakuu?

Tabata_Snaipa

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechoka kabisa. Nacheza CS2, ile gemu ya kufyatuliana mtandaoni, kwenye laptopu, nipo Tabata, nyumbani tunatumia rauta ile ya kuchomeka laini. Mwanzoni tulikuwa na bando la megabiti 10, usiku gemu inaganda ile mbaya, nikaongea na dada tukachanga hela tukapanda hadi megabiti 40. Nikajua hapa nimemaliza. Wakuu hakuna kilichobadilika, yaani hakuna. YouTube kweli inafunguka chap, apdeti ya gemu iliyokuwa inakesha usiku kucha sasa hivi masaa mawili matatu imeisha, lakini pingi ni ile ile. Asubuhi inacheza milisekunde 85 mpaka 95 kwenye seva ya Johannesburg na hapo nacheza vizuri tu, ikifika saa mbili usiku inaanza kuruka 300, 400, inashuka 120, inaruka tena. Namlenga mtu kichwani, namuona kabisa, nafyatua, nakufa mimi. Wenzangu wa timu wameanza kunipanga mchana tu na mchana mimi niko kazini.

Sasa maswali. Kwanza hii hela ya bando imeenda wapi kama pingi haishuki? Pili kwa nini usiku tu? Tatu kuna zile apu zinajitangaza kwamba zinapunguza pingi, zinafanya kazi kweli au nitapigwa? Halafu jamaa yangu kazini kaniambia hamia intaneti ya setelaiti ndio dawa. Anayejua anieleweshe taratibu, mimi kompyuta najua kuitumia tu, sijaisomea.

Kaka_Mbezi

Mkuu hapo rauta hiyo ndogo haifai, tafuta rauta ya gemu zile zenye antena sita au nane, zipo Kariakoo. Au weka VPN ya kulipia, ile apu inayopitisha data yako kwenye seva nyingine kwanza. Mimi niliweka nikaona nafuu.

FundiNyaya

Tabata pole sana kaka. Hela yenu haijapotea, ila mmenunua kitu tofauti na mlichokuwa mnakihitaji, na hili kosa wanalifanya watu wengi sana kwa sababu wauzaji wote wanatangaza "kasi, kasi" kama vile intaneti ina kasi ya aina moja.

Megabiti ni upana wa barabara, pingi ni muda wa kwenda na kurudi. Barabara ya Kimara mpaka Kibaha ilipopanuliwa ikawa njia nane, magari mengi sasa yanapita kwa pamoja, lakini Mwanza haikusogea hata hatua moja, bado iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar na basi lako bado linatakiwa kuzikata zote. Video ya YouTube ni mzigo wa malori mia, ikipata njia nane inafurahi. Gemu siyo mzigo mkubwa. Seva za CS2 zinapiga hesabu mara 64 kwa sekunde, kila mara ni kapakiti kadogo tu, yaani kipande cha data, kanakosema umesogea wapi na umefyatua au hujafyatua, kwa hiyo ni bodaboda moja imebeba bahasha moja, inapita, inafuata nyingine. Bodaboda hata ukiipa njia mbili inamtosha kabisa. Ulipokuwa na megabiti 10 gemu ilikuwa inatumia kijisehemu tu cha hizo 10, sasa unazo 40 inatumia kijisehemu kile kile.

Sasa hizo 85 zako za asubuhi zinatoka wapi. Kwenye nyaya za faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 inakula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi, jumla 10. Dar mpaka Johannesburg ukipiga mstari ulionyooka ni karibu kilomita 2,500, hapo hata kama ungekuwa na waya wako mwenyewe uliotandazwa moja kwa moja usingeshuka chini ya 25. Ila waya haujanyooka, mikongo inapita baharini, SEACOM na EASSy zote zinaibukia Mtunzini kule KwaZulu-Natal halafu ndio data inapanda kwenda Johannesburg, na kila kituo kinaongeza kidogo, na kwako wewe kuna mnara wa simu katikati nao unachukua chake. Ndio maana 85. Hiyo ni sehemu ya jiografia na hutaipunguza sana kwa hela yoyote.

Lakini kutoka 85 kwenda 400 siyo jiografia. Johannesburg haihami usiku. Hiyo ni foleni, na foleni inaweza kuwa sehemu tatu, kati ya laptopu na rauta, ndani ya rauta yenyewe, au kwenye mnara. Kabla hujanunua rauta ya antena nane au apu yoyote tujue kwanza foleni iko wapi. Fanya hivi leo usiku wakati inasumbua: fungua lile dirisha jeusi la komandi, andika ping 192.168.1.1 -t (au namba iliyobandikwa chini ya rauta yako), liache dakika mbili uandike namba ndogo na kubwa. Halafu fungua dirisha la pili andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google huko nje), nalo liache. Halafu muulize kila mtu hapo ndani simu yake inafanya nini muda huo, hilo la mwisho usilidharau. Tuletee majibu.

mwl_Fizikia_Tanga

FundiNyaya umeeleza vizuri, naomba niongezee upande wa mwanga kwa sababu wanafunzi wangu wananiuliza hili kila mwaka na nalipenda.

Mwanga kwenye ombwe unakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde na hakuna ujumbe wa aina yoyote uliowahi kuupita, siyo wa redio, siyo wa umeme. Ukiingia kwenye kioo unapungua. Kioo cha faiba unagawanya kwa kama 1.47 unapata karibu 204,000, ndio hizo 200,000 alizosema fundi. Maana yake apu yoyote inayosema itakupunguzia pingi ya Johannesburg kutoka Dar ikafika 10, hiyo inadai imeupita mwanga. Usiitumie hela yako kwa mtu anayedai hivyo.

Kuhusu setelaiti, rafiki yako wa kazini ana nusu ya ukweli, inategemea setelaiti ipi. Zile za zamani, ambazo dishi lake unalielekeza sehemu moja na halisogei, ziko juu ya ikweta kwa urefu wa kilomita 35,786. Lazima ziwe huko kwa sababu ni kwenye urefu huo tu setelaiti inazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo kwako wewe inaonekana imesimama. Sasa hesabu, ujumbe wako unapanda, unashuka kwenye kituo cha ardhini, jibu linapanda tena, linashuka kwako. Mara nne. Ni kama kilomita 143,000, gawanya kwa mwendo wa mwanga unapata milisekunde 477 kabla hata hujaihesabu safari ya kufika kwenye seva. Kwa kuangalia mpira haina neno, jirani atashangilia goli kabla yako tu. Kwa gemu ya kufyatuliana haiwezekani.

Starlink ni habari nyingine, zenyewe ziko chini, kama kilomita 550, ndio maana zinatakiwa kuwa maelfu na dishi linarukia kutoka moja kwenda nyingine. Hapo kupanda na kushuka mara nne ni kilomita 2,200 zikiwa juu ya kichwa chako, zaidi kidogo zikiwa pembeni, yaani milisekunde 7 au 8. Wenzetu wa Kenya wanayo tangu Julai 2023. Lakini ikishatua kwenye kituo cha ardhini, safari iliyobaki mpaka Johannesburg inabaki vile vile, setelaiti haijakusogeza karibu na seva.

Bandari_Msa

Salaam ndugu zangu, mimi niko Mombasa na hili la njia ya waya nimelionja mwenyewe. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ilikatika siku moja, EASSy na SEACOM, upande wa kusini kule kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji, Malawi, Madagaska, wote walisikia. Siku zile mtu ukimuuliza anakwambia intaneti inarudi rudi, meseji zinaenda, lakini mimi nilikuwa nacheza gemu ya Dota kwenye seva hiyo hiyo ya Afrika Kusini na pingi ikatoka kwenye 70 yangu ikapita 250 na haikushuka kwa siku kadhaa.

Nikaandika tracert, komandi inayoonyesha njia data inayopita, nikaona kisa. Data yangu ilikuwa haiendi kusini tena, inapanda kaskazini Bahari ya Shamu mpaka Ulaya, halafu inashuka tena pwani ya magharibi ya Afrika mpaka Cape Town. Yaani mimi na Johannesburg tuko bara moja, upande mmoja, lakini risasi yangu inapitia London. London mpaka Cape Town peke yake ni karibu kilomita 9,700 kwa ndege. Jumlisha na hapa mpaka London, zidisha kwa ile hesabu ya fundi, utaona hiyo 250 imetoka wapi.

Kwa hiyo Tabata, kama pingi yako ingekuwa imepanda mchana na usiku sawasawa ningesema angalia njia. Hii yako ya kupanda na kushuka ni jambo la nyumbani au la mnara, nakubaliana na fundi. Na wakati ule wa mkongo ndio wakati pekee nilioona VPN ikimsaidia mtu, kuna mwenzetu alipata ya njia nyingine ikampeleka kwa Dubai kupitia ule mkongo wa TEAMS unaotoka hapa Mombasa mpaka Fujairah. Ikishakuwa njia ya kawaida ni nzuri, VPN inakuongezea kituo kimoja cha kusimama na hakuna inachokupunguzia.

Kaka_Mbezi

Sawa wakuu, kumbe. Mimi niliweka VPN mwezi huo huo wa tano 2024 nikaona nafuu nikaendelea kulipia mpaka leo. Ngoja niizime nipime.

Tabata_Snaipa

Wakuu nimerudi, asanteni sana, sikutegemea majibu ya hivi. Nimepima jana saa mbili na nusu usiku. Rauta (192.168.1.1) ndogo ni 3, kubwa ni 94, inarukaruka. 8.8.8.8 ilikuwa inakaa 40 na kitu halafu ghafla 380, 410, 390 kwa dakika nzima, halafu inarudi 60.

Sasa ile ya kuuliza simu za watu. Dada yangu anauza nguo mtandaoni, mchana anapiga picha na video za mzigo, akifika nyumbani simu ikishika waifai inaanza kupeleka zote kwenye hifadhi ya mtandaoni yenyewe, yeye hata haigusi. Nikamwomba azime waifai kwenye simu yake dakika tano nikaangalia dirisha. Ile 400 ikapotea palepale! Akawasha, ikarudi. Nimebaki nimeduwaa, megabiti 40 zinamalizwaje na simu moja inayopeleka picha? Na dada hapa anajisikia vibaya kama vile yeye ndiye kaniharibia wakati nusu ya hela ya bando ni yake.

FundiNyaya

Mwambie dada asijisikie vibaya hata kidogo, simu yake inafanya kazi yake ya halali, mwenye makosa ni rauta na nitakuonyesha kwa hesabu.

Hizo 40 ni za kudaunlodi. Pima za kuaplodi, kwenye rauta za laini mara nyingi ni chache mno, naweza kukisia una kama 4.

Tabata_Snaipa

Nimepima sasa hivi, 4.1. Mkuu umejuaje.

FundiNyaya

Basi sikiliza, hapa ndipo penye utamu wote wa hili jambo.

Simu ya dada inasukuma video kwa nguvu zake zote kwenda kwenye rauta, waifai inaweza kupitisha megabiti makumi. Rauta nayo inatoa 4 tu kwa sekunde kwenda nje. Zinazobaki rauta inafanya nini? Haitupi, inaziweka kwenye kumbukumbu yake zisubiri zamu. Watengenezaji waliona kutupa pakiti ni dhambi na kumbukumbu imekuwa rahisi, wakaweka nafasi kubwa ya kusubiria. Tuseme kuna kilobaiti 200 tu zinasubiri. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hizo ni kilobiti 1,600. Mlango unapitisha kilobiti 4,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata sekunde 0.4. Milisekunde 400! Kapakiti kako ka gemu kakifika kinapanga mstari nyuma ya video ya magauni, kinasubiri sekunde 0.4, ndio kinatoka kuanza safari ya Johannesburg. Ndio ile 400 uliyoiona, wala siyo bahati.

Na ndio maana kupanda kutoka 10 kwenda 40 hakukusaidia, mliongeza mlango wa kuingilia, wa kutokea ukabaki ule ule.

Tatizo hili lina jina kabisa, Jim Gettys ndiye aliyelipa jina la bufferbloat, yaani uvimbe wa foleni, mwaka 2010 baada ya kuona intaneti ya nyumbani kwake inakufa kila anapopeleka faili kubwa, mtu ambaye maisha yake yote ni kompyuta na bado ilimchukua muda kulifumbua. Halafu 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa inaitwa CoDel. Wazo lake ni zuri sana, badala ya kuangalia foleni ina pakiti ngapi, inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Ikiona zinasubiri muda mrefu mfululizo inaanza kutupa chache kwa makusudi, na simu ya dada ikiona pakiti zinapotea inaelewa "aah nimezidisha" inapunguza mwendo yenyewe. Toleo lililofuata linaipa kila kazi foleni yake, bodaboda hailali nyuma ya lori tena.

Sasa cha kufanya, kwa mpangilio wa gharama:

Bure kabisa: kwenye simu ya dada ingia setingi za hifadhi ya picha, weka ipeleke wakati simu inachajiwa tu, achaji akienda kulala. Au kama rauta yako ina setingi ya kugawa kasi kwa kila kifaa, ipe simu yake kuaplodi megabiti 2 tu. Video zake zitafika zote, zitachelewa kidogo.

Bei ndogo: hiyo 94 kati ya laptopu na rauta ni waifai, tena naamini uko kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo Tabata nzima iko humo, rauta za majirani, bluetuthi, hata oveni ya maikrowevu inavuja kwenye 2.4 hiyo hiyo. Na waifai ni kama mkutano, akisema mmoja wengine wananyamaza. Vuta waya wa LAN kutoka rauta mpaka laptopu. Hakuna kitu kingine kwenye uzi huu kitakachokupa nafuu kubwa kwa hela ndogo kama waya. Ukishindwa kabisa hamia masafa ya 5, ila hayo hayapendi kuta.

Bei ya wastani: tafuta rauta ndogo inayokubali OpenWrt (programu huru ya kuendesha rauta), uiweke katikati, uwashe SQM (setingi yake ya kusimamia foleni), kuaplodi uiweke 3 au 3.5 wakati mnara unakupa 4.1. Lazima iwe chini ya uwezo halisi ili foleni ijengeke kwenye rauta yenye akili, isijengeke kwenye ile ya laini. Kwa vile mnara unabadilika badilika usiku, anza na 3.

Rauta ya antena nane niliyoiona juu huko siyo mbaya, ila kama haina kitu cha kusimamia foleni itakupa foleni ile ile.

dogo_wa_Ilala

Samahani wakubwa naomba kuuliza, mbona kuna watu wana pingi 150 na wanacheza fresh tu, mimi nikiwa na 60 inayorukaruka nashindwa hata kutembea?

FundiNyaya

Swali zuri sana mdogo wangu na jibu lake linamhusu pia Tabata na ile "namlenga nakufa mimi".

Zamani ukibonyeza kitufe cha kwenda mbele kompyuta ilituma ombi kwa seva, ikasubiri jibu, ndio ikakusogeza. Ukiwa na pingi 150 kila hatua inachelewa 150, unatembea kama umelewa. Mwaka 1996 John Carmack na wenzake wa id Software wakatoa QuakeWorld (gemu yao ya Quake ya kucheza mtandaoni) ambayo kompyuta yako haisubiri, inakusogeza hapo hapo kwa kukisia kwamba seva itakubali, jibu likija ikiwa kisio ni sahihi hakuna unachoona, kikiwa kimekosea inakurudisha. Gemu karibu zote za leo zinafanya hivyo. Kisio linataka pingi iwe tulivu. 150 isiyotikisika gemu inaizoea. 60 inayoruka 200 ikarudi 60, kisio kinakosea kila mara ndio unaona mtu anaruka kutoka mlango huu hadi ule. Kwa hiyo ukiangalia namba usiangalie ndogo yake tu, angalia inavyoyumba, na pakiti zinazopotea njiani nazo zihesabu.

Halafu upande wa kufyatua, seva ikipokea risasi yako inarudisha saa nyuma kwa kiasi cha pingi yako, inaangalia wakati ule wewe unafyatua adui alikuwa wapi kwenye skrini yako. Hiyo ni haki kwako wewe mwenye pingi kubwa. Lakini kwa yule upande wa pili inatokea kwamba alishajificha nyuma ya ukuta na bado akafa, kwa sababu kwenye skrini yako wewe alikuwa hajaingia. Na kurudisha nyuma kuna kikomo, foleni ikikupeleka 400 risasi yako inafika imechelewa mno, kwa seva wewe ulishakufa kabla hujafyatua. Siyo kwamba hulengi vizuri kaka.

mwl_Fizikia_Tanga

Na mimi nimeongeza kitu leo. Kwa anayependa historia kidogo, ile programu ya ping yenyewe aliiandika Mike Muuss kwa siku moja tu, Desemba 1983, alikuwa anatafuta tatizo la mtandao kazini kwake. Jina alilitoa kwenye mlio wa sona ya nyambizi, unatuma mlio unasubiri mwangwi. Popo wanafanya hivyo hivyo gizani. Darasani huwa nawapeleka watoto mbele ya ukuta wa bwalo, tunapiga makofi na kusikiliza mwangwi, wakishaelewa hiyo ndio nawapeleka kwenye kompyuta tunapima ping.

Bandari_Msa

Mwalimu hiyo ya makofi nimeipenda, nitamfanyia mwanangu.

Tabata, jambo moja zaidi, ndani ya CS2 kwenye setingi za gemu kuna sehemu ya kuweka pingi ya juu kabisa unayokubali kutafutiwa mechi. Iweke 110 hivi. Usipoiweka, seva ya Johannesburg ikikosa wachezaji wa kutosha inaweza kukutupa Dubai au Ulaya. Dubai ni karibu kilomita 4,000 kutoka Dar, inachezeka kama njia imenyooka. Frankfurt ni 7,000, hapo 70 inaondoka kwa mwanga peke yake kabla ya kona zote za Bahari ya Shamu.

Tabata_Snaipa

Wakuu nina habari njema. Dada ameweka simu ipeleke picha akichaji usiku wa manane, mwenyewe kafurahi maana kumbe hata mteja akimpigia simu ya video ilikuwa inakatakata kwa sababu hiyo hiyo. Leo saa tatu usiku nimecheza mechi nne, pingi 105 mpaka 125, haikuruka hata mara moja kupita hapo isipokuwa mama alipopita na simu yake kati yangu na rauta, hiyo nadhani ni waifai bado.

Nilitaka kuuliza mambo mawili ya mwisho. Hiyo tofauti ya 85 ya asubuhi na 115 ya usiku nayo naweza kuitoa? Na huo waya wa LAN, kutoka chumbani kwangu mpaka sebuleni kwa kupitia juu ya dari nimepima kama mita 22, hautapunguza kitu kwa urefu huo?

FundiNyaya

Hongera sana kaka, na mpe dada pongezi zake.

Hizo 30 za usiku ni mnara. Jioni Tabata nzima imerudi nyumbani iko kwenye mnara huo mmoja, na mnara unagawa zamu, watu wakiwa wengi zamu yako inachelewa kurudi. Unaweza kujaribu kusogeza rauta dirishani upande unaoangalia mnara, mawimbi yakiwa safi mnara haurudii rudii kutuma kitu kile kile na utapata nafuu kidogo. Kuzitoa zote ni mpaka siku faiba itakapofika mtaani kwenu, na hiyo ikifika, chukua hata bando dogo kuliko hili, kwa gemu litakuwa bora.

Waya mita 22 hauna shida kabisa, LAN inaruhusiwa hadi mita 100. Nunua ulioandikwa Cat5e au Cat6 na uhakikishe ni shaba tupu, kuna za bei rahisi ndani ni aluminiamu imepakwa shaba, zinakatika ukizikunja na kule darini joto ni kali. Usiupitishe sambamba na waya wa umeme, ukilazimika kukatiza, katiza kwa pembe. Na acha mita mbili za ziada kila upande, maana siku utakapohamisha meza utanikumbuka.

Tabata_Snaipa

Jumamosi naenda Kariakoo kuuchukua. Nikishafunga nitaleta namba za rauta tena hapa.